Shindano la maoni ya wateja wa taa za ziwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mabango ya shindano hili yalipobandikwa kwenye mialo, kule mitumbwi inakofikia, maswali hayajakoma. Mengine yanaletwa dukani kwetu Kirumba, Mwanza, mengine tunaulizwa tukiwa kwenye pantoni, mengine yanaingia kwa simu usiku wa manane kutoka kwa watu walio majini. Hapa nimejibu yale yanayojirudia. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kusoma maoni yote, kwa hiyo pale ninaposema "nitasoma" simsemei mtu mwingine. Kama jirani yako hasomi, tafadhali msomee.

Shindano lenyewe ni la nini?

Kampuni yetu inauza taa za sola na betri zake: taa za kuvulia dagaa, taa za nyumbani na taa za biashara ndogo ndogo. Tunakuomba utueleze taa uliyoitumia imekufaa wapi na imekuangusha wapi. Ukishatoa maoni, jina lako linaingia kwenye droo ya zawadi.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu la Victoria walivulia karabai kwa miaka mingi, na wengi bado wanakumbuka gharama ya mafuta ya taa na kazi ya kupiga pampu huku mtumbwi unayumba. Taa za LED zimepunguza mzigo huo. Lakini nyingi zinatengenezwa viwandani, mbali sana na hapa, na anayezibuni hupima mwanga wake ndani ya chumba kikavu. Hajawahi kushusha taa juu ya boya saa 3 usiku, upepo umegeuka, vidole vimelowa, na mwenzake anamhimiza afanye haraka. Wewe unafanya hivyo kila giza linapoingia. Unachokijua kina thamani, na hatuoni haki kukichukua bure. Ndiyo maana tumeweka zawadi.

Nani anaruhusiwa kushiriki?

Yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayeishi Mwanza, Geita, Mara, Kagera au Simiyu, na ambaye amewahi kutumia taa yetu yoyote. Wafanyakazi wetu, mawakala wetu na watu wa nyumbani kwao hawaruhusiwi.

Taa ni za tajiri, mimi ni mvuvi wake tu. Na mimi nimo?

Umo, tena ninyi ndio tunaowahitaji zaidi. Tajiri analipa dukani anaondoka na risiti. Anayeiwasha taa, anayeizima, anayeifunga kamba upya ikilegea ni wewe. Huhitaji risiti, wala huhitaji ruhusa ya mwenye mtumbwi.

Kama mko wanne kwenye mtumbwi mmoja na mnatumia taa hizo hizo, kila mmoja ana nafasi yake, na kila mmoja aseme alichokiona yeye. Anayeshika injini haoni anachokiona anayevuta nyavu. Matajiri nao tunawakaribisha kwa mikono miwili, ila tunawaomba wasijaze kadi kwa niaba ya vijana wao.

Na lipo swali ambalo vijana wanatuuliza kwa sauti ya chini: je, mvuvi akishinda, zawadi inaingia kwenye mgao wa mtumbwi? Hapana. Zawadi ni mali ya mtu ambaye jina lake limechomolewa. Tutamkabidhi yeye mkononi, na hatutampa mtu mwingine hata akija na maelezo mazuri.

Mimi sivui, naanika na kuuza dagaa. Maoni yangu yana maana gani kwenu?

Yana maana kubwa, mama. Tukizungumza habari za taa ziwani kila mtu anamfikiria mvuvi, kumbe taa hiyo hiyo ikishafika nchi kavu kazi yake haijaisha. Mitumbwi inafika alfajiri bado kuna giza. Dagaa wanapimwa kwa ndoo, wanasombwa, wanatandazwa. Masika ikishika kati ya Machi na Mei, wanawake wa Igombe na Kayenze wanaamka usiku kuwaanua mvua inapoanza kunyesha. Mtu mwenye vichanja anajua tofauti ya bei kati ya dagaa walioanikwa juu ya kichanja na wale waliookotwa mchangani, wanaoishia kwenye chakula cha kuku. Anajua pia hasara ya kukosea na kufunga gunia dagaa hawajakauka.

Kwa hiyo tuambie: mwanga wa taa yetu unakuonyesha vizuri dagaa aliyekauka na ambaye bado ana unyevu? Unaweza kuitundika na ukafanya kazi kwa mikono miwili, au unalazimika kumshikisha mtoto? Wadudu wanakujazia beseni? Mama lishe naye atuambie kama inastahimili moshi na mvuke wa jikoni. Hayo hayawezi kusemwa na mtu mwingine.

Lazima ninunue taa ndipo niingie?

Hapana. Hata uliyoazimwa na shemeji yako inahesabika, ilimradi umeitumia. Tafadhali usinunue taa kwa ajili ya shindano hili.

Nikiandika kwamba taa yenu ni mbovu, si nitakuwa nimejikosesha zawadi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na nalielewa kabisa. Watu wamezoea kwamba mwenye zawadi hupenda kusifiwa. Sisi tumepanga mambo hivi.

Kadi ya maoni ina sehemu mbili zinazochanika katikati. Sehemu ya juu ni ya maoni, na haina nafasi ya kuandika jina. Sehemu ya chini ni ya jina, namba ya simu na mwalo au mtaa wako. Unaichana mwenyewe, kwa mkono wako. Ya juu inaingia kwenye sanduku jeupe, ya chini kwenye sanduku la bluu. Mimi nafungua jeupe peke yake. La bluu linabaki na kufuli mpaka siku ya droo, na atakayechomoa majina hana njia yoyote ya kujua mwenye jina hilo alisifu au alilalamika.

Wapo walioona tundu hapo: mtu anaweza kutumbukiza jina bila kuandika maoni yoyote. Ni kweli, anaweza. Tulilijadili jambo hilo kwa muda mrefu, tukaamua kwamba ni afadhali wachache wapite bila kusema lolote kuliko kampuni kujua nani amesema nini. Mtu mmoja akiogopa kutuambia kwamba betri yetu inafura, tutaendelea kuuza betri inayofura.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa tutazisoma na tutafurahi, ila haziongezi nafasi ya mtu hata kidogo, na malalamiko hayapunguzi.

Kwa nini msimpe zawadi mwenye maoni bora kuliko wote? Droo ni bahati tu.

Tungefanya hivyo, mwenye mwandiko mzuri na maneno mengi angewashinda wenzake. Mzee wa kisiwa cha Ukara ambaye hajakaa darasani, lakini anajua kwa kuangalia rangi ya maji kama dagaa watapanda, angebaki nyuma ya kijana wa mjini anayejua kupanga aya. Isitoshe, mtu akijua kuna jaji, anaanza kuandika anachodhani jaji anataka. Droo haina upendeleo wa aina hiyo.

Droo itafanyika wapi, na nani ataisimamia?

Mbele ya duka letu la Kirumba, hadharani, Jumamosi ya kwanza baada ya shindano kufungwa, saa 5 asubuhi. Tumechagua saa hiyo kwa kuwa pilikapilika za asubuhi pale soko la samaki la Mwaloni zinakuwa zimepungua. Sanduku la bluu litafunguliwa mbele ya watu, vipande vyote vitamiminwa ndani ya pipa na kuchanganywa, na atakayechomoa ni mtu atakayechaguliwa na umati palepale. Afisa wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha atakuwepo kushuhudia, maana zawadi zinazotolewa kwa bahati zinasimamiwa na bodi hiyo chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003.

Kuwepo kwako si lazima. Jina lako likitoka ukiwa majini, zawadi ni yako.

Michezo ya kubahatisha? Basi hii ni kamari, na dini yangu hairuhusu.

Swali hili limetoka kwa Waislamu na kwa Wakristo, na nalijibu kwa heshima. Kwenye shindano hili hakuna anayeweka fedha wala kitu chochote rehani. Hununui tiketi, hutumi ujumbe wa kulipia, na asiyeshinda hapotezi kitu. Sheria inatuweka chini ya bodi hiyo kwa sababu mshindi anapatikana kwa kuchomoa jina, na inafanya hivyo ili kumlinda mwananchi asidanganywe.

Kama bado moyo wako hautulii, sitakushawishi. Jaza sehemu ya juu peke yake, itie kwenye sanduku jeupe, ya chini uitupe. Maoni yako yatasomwa sawasawa na ya mwingine yeyote.

Zawadi ni zipi?

Zawadi kuu ni moja: seti ya taa nne za kuvulia pamoja na maboya, betri na paneli ya kuchajia. Kama mshindi havui, atachukua taa za biashara za thamani hiyo hiyo. Zipo pia taa kumi za nyumbani, zenye sehemu ya kuchajia simu, kwa washindi kumi.

Mbona hamtoi hela? Taa tunazo tayari.

Hoja hii ina uzito, na kuna aliyeniambia kwamba angeuza taa hizo siku hiyo hiyo. Akishakabidhiwa ni zake, auze akipenda.

Tumekwepa fedha kwa sababu moja. Shindano lenye fedha linawaita matapeli kutoka kila kona, na wanaoumia ni wateja wetu. Sasa tunaweza kusema jambo moja fupi ambalo kila mtu atalikumbuka: kampuni yetu haimpi mtu yeyote fedha katika shindano hili, na haipokei fedha kutoka kwa mtu yeyote. Ukisikia habari ya hela, iwe ya kupokea au ya kutuma, umepata tapeli.

Nimepigiwa simu nimeambiwa nimeshinda, nitume ada ya usafiri wa zawadi. Nifanye nini?

Usitume. Kata simu.

Mtindo wao unajulikana. Anakuita kwa jina lako, anajitambulisha kwa sauti ya upole kama mtu wa ofisini, anakupongeza, kisha anakuharakisha: zawadi iko njiani, gari limekwama, dereva anadai shilingi kadhaa, na ukichelewa itaenda kwa mwingine. Ni ndugu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaoujua sote. Mwingine haombi hela kabisa. Anaomba umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, au anakuelekeza ubonyeze namba fulani "ili kuthibitisha zawadi", na ukimaliza kubonyeza salio limeondoka.

Ujumbe wa namna hiyo usiufute. Utume kwenda namba 15040, ambayo imewekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya kuripoti matapeli, na ukijibiwa fuata maelekezo ya kuingiza namba ya huyo tapeli. Haikugharimu kitu, na laini yake inaweza kufungiwa kabla hajamfikia mama yako. Ukiwa na nafasi, bonyeza pia *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna watu wamekuta namba wasizozijua kabisa. Na kama hela imeshaondoka, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, usisubiri kukuche, kisha nenda polisi.

Sisi tukikupigia kwamba umeshinda tutakuuliza jina na mwalo wako tu, kisha tutakuomba uje dukani au tupange siku ya kukuletea. Hatutakuuliza namba ya siri, hatutakuomba umpigie mtu mwingine yeyote, na hatutakuharakisha. Ukiwa na shaka hata kidogo, nenda kwa wakala wetu aliye karibu nawe, umwangalie usoni na umuulize.

Natoa maoni kwa njia gani?

Kadi zipo kwenye maduka yetu, kwa mawakala wetu wote na kwenye ofisi za BMU (vikundi vya usimamizi wa mwalo) za mialo iliyotajwa kwenye bango. Masanduku yapo hapo hapo. Unaweza pia kutuma ujumbe wa maandishi au wa sauti kwa WhatsApp kwenye namba iliyo kwenye bango. Ukitumia simu, mwenzangu anayepokea ataandika jina lako kwenye kipande cha bluu, na maoni yako atanipa mimi yakiwa yameondolewa namba. Ni kweli kwamba kwa njia hiyo yupo mtu mmoja anayejua umesema nini. Kama jambo unalotaka kusema ni zito, tumia kadi.

Sijui kuandika.

Tuma sauti, au mwombe mtu unayemwamini akuandikie. Watu wetu pia watapita kwenye mialo wakiwa na kadi, na wataandika unachosema bila kukipamba. Muda wa ujumbe wa sauti hauna kikomo, ila ukirekodi karibu na injini sitakusikia.

Kiswahili changu si kizuri. Naweza kusema kwa lugha yangu?

Unaweza. Ofisini kuna watu wanaosikia Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza, Kihaya na Kijaluo. Kuna mambo ya ziwani ambayo mtu akiyasema kwa lugha ya nyumbani yanatoka na undani wake wote, na hatutaki yapungue njiani.

Maoni ya namna gani yanawasaidia?

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye kazi yenyewe.

Mtu akiandika "taa ni nzuri sana, Mungu awabariki", nashukuru kwa moyo wote, lakini kiwandani sina la kuwaambia. Vilevile akiandika "taa hazifai". Sasa msikilize anayeandika hivi: "Tunawasha saa 2 usiku. Mpaka saa 6 mwanga uko vizuri. Kuanzia saa 8 unafifia, na saa 10 tunabaki na taa mbili kati ya nne. Betri tunachajisha kwa mtu pale mwaloni, si kwa sola." Maneno hayo machache yananipa kila kitu. Najua taa inakaa saa ngapi, najua inafifia kabla ya kuzima, na najua pa kuanzia kutafuta: huenda betri haijai kwa sababu ya chaja ya huyo mtu wa mwaloni, huenda betri yetu ni ndogo kwa kazi ya usiku mzima. Fundi anaweza kushika simu kesho yake.

Kwa hiyo tuambie saa. Tuambie mahali: maji ya Ghuba ya Mwanza, yaliyozungukwa na nchi, hayana mawimbi kama ya nje kule upande wa kisiwa cha Goziba, na taa inayostahimili huku inaweza kupasuka kule. Tuambie iliharibikia sehemu gani, kwenye waya, kwenye swichi, kwenye kioo, au pale maji yanapopenyea. Tuambie umeifanyia nini mwenyewe. Natamani sana kusikia hili la mwisho, kwa sababu watu wa ziwani hawakai wakilia na kifaa kibovu. Wanazungushia mpira wa tyubu, wanahamisha waya, wanabadilisha boya. Kila ulichokirekebisha kwa mkono wako kinatuonyesha kitu ambacho sisi tulipaswa kukifanya kabla ya kukuuzia. Ukiweza kuchora, chora. Mchoro wa kalamu ya risasi wenye mshale mmoja unatosha.

Bei nayo ni maoni, huduma nayo ni maoni. Kama fundi wetu alikujibu vibaya, au uliambiwa vipuri vitakuja wiki ijayo na hukuviona, andika. Na kama ulirudi kwenye karabai baada ya kununua taa zetu, tafadhali usituonee haya. Wewe ndiye ninayekutafuta kuliko wote.

Naweza kushiriki mara ngapi?

Maoni toa mara nyingi utakavyo. Jina, mara moja. Likikutwa mara mbili, vipande vya ziada vitatolewa.

Shindano linafungwa lini?

Tarehe kamili imeandikwa kwenye bango na juu ya kila sanduku. Tumeipanga kwa kuufuata mwezi. Mnajua wenyewe kwamba dagaa wanavuliwa vizuri wakati wa giza, kwa sababu ndipo wanapoifuata taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inapumzika na watu wanashona nyavu. Shindano limeanza wakati wa giza na litafungwa baada ya mbalamwezi ya pili kupita, saa 12 jioni. Hivyo una vipindi viwili vya kupumzika vya kuandika ukiwa umeketi, na vipindi vya kazi katikati vya kuitazama taa yako kwa makini.

Muda hautaongezwa. Anayewahi asije akaona amechezewa.

Tuko kisiwani. Kadi zetu zitafika kweli?

Zitafika. Masanduku ya Nansio na ya Bwisya, kule Ukara, yatafungwa jioni ile ile kama ya mjini, yatatiwa lakiri mbele ya kiongozi wa BMU, na yatavushwa na mtu wetu mwenyewe. Hayatapewa dereva wala abiria. Ndiyo sababu droo inasubiri Jumamosi, maana upepo ukichafuka vyombo havitembei na hatutaanza bila kadi za visiwani. Masanduku ya Sengerema na Geita hayana tatizo hilo tena tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Gari linavuka kwa dakika chache pale ambapo zamani tungepanga foleni ya kivuko.

Zawadi ikiangukia kisiwani tutaileta kwa gharama yetu hadi mwaloni kwako.

Mtafanya nini na jina langu na namba yangu?

Tutazitumia kukupata ukishinda. Baada ya zawadi zote kukabidhiwa, vipande vya wasioshinda vitachomwa moto, na namba zilizoingia kwa simu zitafutwa. Hatutakutumia matangazo na hatutampa mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kutuuliza tuna taarifa gani zako na kutaka zifutwe. Ukitaka hivyo, njoo utuambie, na sanduku la bluu likifunguliwa siku ya droo tutakitafuta kipande chako na kukuchania.

Namba ya NIDA hatuihitaji kwenye kadi. Usiiandike.

Nikishinda nitahitaji nini ili nikabidhiwe?

Kitambulisho kimoja: cha Taifa, cha mpiga kura au leseni ya udereva. Kama huna hata kimoja, barua ya serikali ya mtaa au kijiji yenye picha na muhuri inatosha. Una siku 30. Tutakupigia kwa siku tofauti na saa tofauti, tukijua kwamba majini mtandao unakatika na mchana wengine mmelala. Tukikukosa, tutamuulizia kiongozi wa mwalo wako kabla ya kuchomoa jina jingine.

Kuna kodi?

Kodi yoyote inayodaiwa kwa ajili ya zawadi, sisi ndio tutakaoilipa kwa TRA, mamlaka ya mapato. Mshindi hatoi hata shilingi.

Mtanipiga picha mnitangaze?

Ukikubali tu. Kuna watu hawapendi kijiji kizima kijue wamepata kitu, na wana sababu zao. Ukikataa, zawadi ni yako vilevile.

Maoni yakishasomwa, kuna kitakachobadilika au mtayafungia kabatini?

Ndani ya siku 30 baada ya droo tutabandika karatasi kwenye mialo yote yenye masanduku, pale pale mlipotupia kadi. Itakuwa na mambo yaliyolalamikiwa na watu wengi, na mbele ya kila jambo tutaandika tutafanya nini na kufikia lini. Pale tusipoweza tutaandika hatuwezi, na sababu yake. Kuna mambo naweza kuyaona tangu sasa kwamba ni magumu: mkitaka betri ikae usiku kucha, iwe nyepesi, na bei ishuke, kimoja kati ya hivyo vitatu kitatushinda, na tutahitaji mtuambie kipi kianze. Lakini swichi inayoingiza maji haina udhuru.

Karatasi hiyo itasainiwa na mkurugenzi kwa jina lake. Ahadi ikipita tarehe yake, ichomoe ubaoni uje nayo dukani.

Taa yangu imezima kabisa na bado ina waranti. Niandike kwenye kadi nisubiri?

Usisubiri. Ilete dukani au kwa wakala wiki hii. Waranti haina uhusiano wowote na shindano, na fundi hatakuuliza kama umejaza kadi. Ukishatengenezewa, jaza kadi utuambie ulihudumiwaje.

Nimeshatumbukiza kadi bila kuichana. Nimepoteza nafasi?

Hapana. Kadi nzima ikikutwa kwenye sanduku jeupe, naikunja bila kusoma na kumpa mwenzangu, ambaye ataichana na kupeleka kila kipande mahali pake. Ikiwa kwenye sanduku la bluu, itachanwa siku ya droo mbele ya watu, upande wa maoni ukiwa umefunikwa.